Maji ya Kuoga ya Bibi Mwajuma

Jumatano, 11 Juni

Daftari la zamani limejaa. Naanza hili.

Nimeamka saa kumi na moja. Upepo tangu jana, baridi imeingia hasa. Moto uani, mafiga matatu, sufuria mbili kubwa. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, yakichemka yanaacha ukoko mweupe. Kila Jumamosi naukwangua kwa jiwe.

Saa kumi na mbili na nusu ndoo mbili ziko mlangoni kwa Bibi Mwajuma. Nimebisha, nimesema shikamoo. Akaitika kutoka kitandani, "Marahaba, mtumwa wangu. Leo umeyachemsha au umeyatazama tu?"

Nikamjibu ameze maneno, mdomo wenyewe umepinda. Akacheka mpaka akakohoa.

Mtu mwingine akisikia atasema sina adabu. Bibi ni Mnyiramba wa Kinyangiri, mimi Msukuma wa Sengerema. Ni watani. Anasema babu zangu walipita kwao kwenda kuchukua chumvi, mmoja wao akabaki kwa deni, mimi ndiye mjukuu wake. Mimi nasema tuliwaonea huruma wao ndio tukawaachia nchi. Hivyo kila asubuhi, mwaka wa tatu sasa.

Tangu kiharusi cha mwaka jana upande wa kushoto haumsikilizi. Daktari alisema aoge maji ya moto mara mbili kwa siku na mguu ulowekwe. Mama Shani, mke wa Bosi, ndiye anamwogesha. Mimi nachemsha. Ndiyo kazi yangu, pamoja na kufagia na kulinda geti.

Ijumaa, 13 Juni

Bosi ameniita sebuleni. Sijawahi kukaa kwenye kochi lile. Nilikaa kwenye ukingo.

Anataka kununua hita. Maji ya moto yatoke bombani, mama yake asisubiri kuni. Anaona aibu, mtu mwenye duka la mabati na magodoro halafu mama yake anaoga maji yenye harufu ya moshi. Anajua nilikuwa mchochezi wa boila miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha mafuta ya pamba, kabla hakijafungwa. Nilikuja Singida kwa ajili ya viwanda vya alizeti. Vikapunguza watu, ndipo yeye akanichukua hapa kwake. Shule niliishia darasa la tano, lakini boila naijua.

Akasema, "Maige, wewe ndiye mtaalamu humu ndani. Utakachosema ndicho nitakinunua."

Nikasema sawa Bosi. Nilipotoka nilikwenda uani nikatazama mafiga. Hita ikifungwa, mimi ni wa nini?

Jumamosi, 14 Juni

Tumekwenda mjini na Bosi kutazama. Duka la kwanza hawana. La pili wanazo za bomba la kuogea tu, zile ndogo, hazifai kwa mgonjwa. La tatu, karibu na stendi, lipo tangi moja la umeme. Lita themanini. Moja tu.

Muuza duka anasema mzigo mwingine hajui utakuja lini. Mataifa makubwa yanapandishiana ushuru, meli zinabadilisha safari, dola leo hivi kesho vile. Hata bei aliyobandika ni ya wiki iliyopita, anaogopa kubandika nyingine. Bosi alitikisa kichwa. Kwake ni hivyohivyo. Mabati yake yana mwezi mzima hayajafika, na akiuliza anaambiwa subiri.

Nililifungua tangi kwa chini. Ndani limepakwa kitu kama kioo. Lina kile kijiti cha chuma laini ambacho chumvi inakila kwanza, tangi linabaki salama. Kikiisha kinabadilishwa. Nje limefunikwa vizuri, maji ya usiku yanakuwa moto mpaka jioni ya kesho yake hata umeme ukikatika. Tangi zuri. Kwa maji ya Singida sikutegemea kuona kitu kizuri hivyo.

Bosi akauliza, "Vipi?"

Nikasema chumvi ya hapa italitoboa miezi mitatu haijaisha. Nikasema na umeme kwenye maji, na Bibi mkono mmoja haufanyi kazi, mimi naogopa. Nikasema tungoje zile za jua kutoka Dar. Kisha nikamwambia neno ambalo najua mfanyabiashara analipenda. Nikasema bei sasa ipo juu kwa sababu ya hofu tu, itashuka.

Bosi akafunga kitabu chake cha hesabu.

Nimedanganya. Naandika hapa kwa sababu hakuna pa kusema.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani.

Nimefikiria kwa nini nilidanganya. Mshahara ni mdogo, ningeweza kupata kibarua kingine. Chumba changu ni cha stoo. Si hivyo tu. Mke wangu Minza nampigia mara moja kwa wiki, tunazungumza mvua na ng'ombe, kisha tunakata simu. Watoto wamekua bila mimi. Duniani mtu anayeniulizia kila asubuhi ni mmoja, na ananiita mtumwa.

Bomba halitaniwi.

Jumanne, 17 Juni

Bosi amepiga simu Dar. Hita za jua zipo kwenye kontena, kontena lipo bandarini. Ameagiza. Anasema wiki mbili.

Bibi amesikia habari hizo. Nilipoleta maji akasema, "Msukuma, wanakuletea mbadala wako. Lenyewe halisemi na halili ugali mwingi."

Nikamwambia nitalipiga jiwe usiku. Akasema akiniona juu ya paa atapiga kelele za mwizi kwa Kinyiramba, waje kunichoma mashemeji zake wote. Mama Shani alikuwa anacheka huku anakoroga maji kwa mkono. Mimi sikucheka sana.

Jumatatu, 23 Juni

Fundi Elia amekuja kupima paa. Ni kijana wa Kinyaturu, anajua kazi. Aliniuliza kwa nini tusichukue lile la umeme la pale stendi, yeye kafunga kama hilo kwenye nyumba ya wageni na ni mwaka wa pili. Nikamwambia ni uamuzi wa Bosi. Akanitazama.

Baadaye nilimwona anazungumza na Bosi getini. Sikusikia. Bosi hakuniambia kitu.

Jumapili, 29 Juni

Baridi. Asubuhi mvuke unatoka mdomoni kama wa ng'ombe. Upepo wa ziwani unapita chini ya mlango wa Bibi, nimeziba kwa gunia.

Sasa anaomba maji yawe ya moto zaidi. Yakitoka jikoni moto, yakifika kwake yamepoa nusu, uani hadi chumbani ni mbali na kuna kona. Nakimbia na ndoo. Nina miaka hamsini na nne. Nimejiunguza paja.

Alhamisi, 3 Julai

Kontena bado. Wanasema karatasi. Halafu wanasema ushuru umefikiriwa upya, mwenye mzigo hataki kulipa kiwango kipya, anangoja. Wote wanangoja. Bosi anangoja mabati, Dar wanangoja karatasi, mimi naomba wangoje zaidi. Najichukia ninapoomba hivyo, lakini ndivyo ninavyoomba.

Nilipita pale stendi. Tangi limeuzwa. Nyumba ya wageni ileile imechukua la pili.

Muuza duka akasema, "Ulimwambia tajiri wako bei itashuka? Mzee, mimi ningekuajiri hapa uwafariji wateja."

Jumatatu, 7 Julai

Bibi leo hakutania. Nimeweka ndoo, nimesema shikamoo, akasema marahaba tu. Nikamchokoza, nikasema leo Mnyiramba kaishiwa, chumvi imekwisha. Akasema, "Maige, baridi."

Hajawahi kuniita jina langu.

Alhamisi, 10 Julai

Kuni zimebaki kidogo, na za hapa mjini ni mbichi. Bosi amesema niende Misigiri na lori la rafiki yake, kuna mtu anauza kuni kavu na magunia ya maganda ya alizeti. Kwenda na kurudi siku moja.

Nimepanga kuni zilizobaki karibu na mafiga. Magogo matatu makubwa. Nilitaka kuyapasua, dereva akapiga honi. Nikasema nitarudi jioni.

Jumapili, 13 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Alhamisi lori liliharibika Misigiri. Sanduku la gia. Ijumaa fundi alikuja kutoka mjini bila kifaa. Kifaa hakipo madukani, kile kilichopo bei yake mwenye gari hakuamini, alibishana kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Jumamosi mchana tukavutwa na trekta. Nimefika nyumbani jioni nimelala juu ya kuni siku mbili.

Alhamisi jioni Mama Shani alichemsha kwa gesi. Ijumaa asubuhi gesi ikaisha katikati. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Akaenda kwenye kuni akakuta magogo. Alijaribu shoka. Nimeliona gogo, lina alama tatu, za mtu ambaye hajawahi kupasua. Bibi alikuwa amejichafua, hawezi kuachwa. Akamwogesha kwa maji ya pipa la nje, akayachanganya na maji ya moto kidogo yaliyobaki kwenye chupa ya chai. Anasema Bibi alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta.

Jana jioni Bibi alikuwa na homa. Leo amepelekwa hospitali.

Tangi la lita themanini lingekuwa na maji ya moto mpaka Ijumaa jioni, umeme au hakuna umeme. Nililiona mwenyewe lilivyofunikwa.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda kumwona. Wameweka mipira puani. Mapafu. Mama Shani yuko pale tangu Jumapili, macho yamevimba, hali chakula.

Nilisema shikamoo. Bibi akafungua macho. Hakuitika. Alinitazama muda mrefu, kisha akainua mkono ule mzima na kunipungia kama anafukuza kuku. Muuguzi akacheka, akasema bibi anawafukuza wageni.

Nilijua ni utani. Ndiyo nguvu aliyokuwa nayo. Nilitoka nje nikakaa nyuma ya chumba cha kufulia.

Alhamisi, 17 Julai

Bibi Mwajuma amefariki saa nne asubuhi.

Nilikuwa nafagia. Bosi alipiga simu kwa jirani, si kwangu. Jirani ndiye aliyekuja getini.

Mazishi leoleo baada ya alasiri. Kwao Waislamu hawakawizi. Mama mmoja wa mtaani akaniambia nichemshe maji ya kumwosha, nitie majani ya mkunazi. Nilipasua kuni ndogo ndogo, nyembamba kabisa. Moto ulishika mara moja. Nikachemsha mpaka yakatokota. Mama yule akaja akatia kidole, akasema hapana, yasiwe ya moto hivi, yapoze. Yawe vuguvugu.

Nikayapoza. Nilitia maji ya pipa, kikombe baada ya kikombe.

Ijumaa, 18 Julai

Jana sikuweza kumaliza. Namalizia leo.

Ndugu zake walifika kutoka Kinyangiri na lori, wengi. Kabla hata hawajakaa mkekani wakaanza kuuliza, Msukuma yuko wapi? Kuna Msukuma hapa, marehemu alikuwa anamsema kwenye simu. Kwao na kwetu mtani hatakiwi kulia msibani. Kazi yake ni kuvuruga. Anachukua nguo ya marehemu anavaa, anaiga mwendo wake, anazuia jembe, anatukana wafiwa mpaka wacheke. Wasipocheka msiba unakuwa mzito, watu wanarudi nao nyumbani.

Nilijificha stoo ya kuni. Mdogo wake Bibi, Mzee Kitundu, mtu wa miaka sabini na zaidi, alinikuta huko. Alinishika kola.

"We mtumwa, unajificha na dada yangu amelala? Ukilia wewe sisi atatuchekesha nani? Toka!"

Nikatoka. Mtu akanirushia khanga ya Bibi, ile ya njano. Nikajifunga kichwani. Watu wamejaa uani, wanaume upande wa geti, wanawake mlangoni. Nikaketi juu ya ndoo, katikati ya njia, nikakunja mkono wa kushoto kama wake. Nikapinda mdomo. Nikaita kwa sauti yake, "Msukuma! Umeyachemsha au umeyatazama tu?"

Kicheko kikalipuka. Dada zake wakashika mbavu na machozi yakiwatoka. Shehe aligeuza uso pembeni lakini hakunikataza.

Sikujua la kufuata. Kinywa kikaendelea chenyewe. Nikasema, "Mnalia nini nyie Wanyiramba? Mnamtafuta aliyemuua? Ni mimi. Mwanaye alitaka kumnunulia hita, nikamwambia mbovu. Haikuwa mbovu! Ilikuwa nzima, inang'aa! Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikamwacha dada yenu aoge maji ya pipa. Nimemuua kwa baridi, na leo nakula wali wenu!"

Walicheka zaidi. Mzee Kitundu alijipiga paja. Mmoja akapiga kelele, "Huyu ni mtani wa kweli, mpeni haki yake!" Bosi mwenyewe alikuwa anacheka huku analia, akanisogelea akanitia noti mfukoni ili nipishe jeneza, maana mtani akizuia njia lazima alipwe.

Nikasimama. Nikapisha.

Nilisema kweli yote mbele ya watu mia mbili na wakanilipa.

Mama Shani tu ndiye hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Alikuwa anatazama mikono yake.

Jumatatu, 21 Julai

Hitima jana. Wageni wameondoka. Sufuria kubwa zimerudi stoo.

Nyumba ina watu na haina sauti. Mama Shani hanywi chai. Nimemsikia anamwambia dada yake kwenye simu, "Mimi ndiye niliyemmwagia. Kwa mkono wangu huu." Dada yake lazima alimwambia ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu alijibu, "Mungu hakushika kata."

Alhamisi, 24 Julai

Nimekwenda dukani kwa Bosi. Nilingoja wateja watoke. Nikamwambia bila kupinda mdomo. Nikamwambia tangi lilikuwa zuri, nililijua ni zuri, nilidanganya.

Akasema, "Maige, utani wa msibani unaishia msibani."

Nikasema si utani Bosi.

Alichukua kalamu akaiweka. Kisha akasema Elia alimwambia. Siku ile getini. Elia alimwambia tangi lile halina shida na alichukue upesi kabla halijauzwa. Bosi alimsikia. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia bei itashuka, na yeye alitaka kuambiwa hivyo.

"Nilikuwa na maneno ya watu wawili," akasema. "Nikachukua lililonipunguzia gharama. Kwa mama yangu."

Nilidhani atanipiga. Ingekuwa afadhali. Akasema nirudi kazini, na tusimwambie Mama Shani, atatuonaje.

Nimerudi nimefagia. Mzigo haukupungua. Sasa tumebeba wawili, na kila mmoja ana wa kwake mzima.

Jumapili, 27 Julai

Mama Shani amekonda. Leo alikuwa anaogesha mjukuu wa jirani, mtoto mdogo, akaweka mkono kwenye beseni akautoa, akauweka akautoa, mara sita au saba. Mtoto akaanza kulia kwa kungoja.

Bosi alikuwa anaona pia. Akaingia ndani.

Jumanne, 29 Julai

Nimemwambia.

Alikuwa uani anachambua mchele. Nilikaa chini, si kwenye kigoda. Nilimwambia kuhusu duka la stendi, kijiti cha chuma, jinsi tangi lilivyofunikwa. Nikamwambia kuhusu magogo ambayo sikuyapasua. Nikamwambia siku ya msiba sikuwa natania. La Bosi sikulisema. Atalisema mwenyewe kama ni mwanaume.

Aliendelea kuchambua. Alitoa mawe, akayaweka pembeni. Nilifikiri hakunisikia.

Kisha akasema, "Wiki mbili nimelala na mikono hii nje ya shuka. Sitaki iniguse."

Nikasema pole Mama Shani. Neno dogo.

Akasema, "Alikuwa anakupenda, unajua? Ukichelewa alikuwa anauliza, mtumwa wangu amekufa? Ungemwambia unaogopa kufukuzwa, angemwambia mwanaye asikufukuze hata tukifunga hita kumi. Ungemwambia yeye tu."

Hilo sikuwahi kulifikiria. Mwezi mzima wa kufikiria, na hilo halikunijia.

Akapepeta, pumba zikaruka. Akasema, "Sikulaani, Maige. Lakini siwezi kukuona pale kwenye mafiga kila asubuhi. Nenda kwenu."

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 30 Julai

Nimekusanya vitu. Begi moja na blanketi. Nimepasua magogo yote matatu, nimeyapanga. Nimekwangua sufuria.

Bosi amenipa mshahara wa mwezi na nauli. Hakuuliza kwa nini naondoka. Mama Shani alikuwa bado kalala. Bosi anasema kontena limetoka bandarini, lakini ameghairi kununua.

Nilipita makaburini. Udongo bado mwekundu, upepo umeanza kuusawazisha. Nilisimama. Nilitaka kusema neno la utani, mtani lazima aage kwa utani. Halikuja. Nikasema shikamoo.

Jumapili, 3 Agosti

Sengerema. Nimefika juzi kwa kivuko cha mwisho.

Minza amenenepa kidogo, nywele zina mvi mbele. Hakuuliza kazi imeishaje. Alinitazama miguu na akasema nimepungua. Watoto walinisalimia kama mgeni, kwa heshima sana.

Jioni alichemsha maji. Alipeleka ndoo nyuma ya wigo wa matete, akaweka sabuni juu ya jiwe, akatundika kitenge. Akarudi, akasema, "Baba Kulwa, maji tayari." Hajaniambia hivyo miaka tisa.

Nilikwenda. Nikavua shati. Mvuke ulikuwa unapanda. Nikakaa kwenye jiwe, nikatazama. Kuku walipita. Mtu alikuwa anaita ng'ombe kule bondeni. Nilikaa mpaka mvuke ukaisha, nikatia mkono, yalikuwa baridi, nikaoga hayo.

Niliporudi Minza aliuliza kama maji yalikuwa ya moto vya kutosha.

Nikasema yalikuwa mazuri sana.